Kura ya Baba kwa Mfalme wa Wataliani

Mimi ni mwalimu wa historia, na walimu wa historia tuna ugonjwa wetu: hatuwezi kukaa kwenye sinia la watu tukala tukanyamaza. Kila kitu lazima tueleze kilianzaje. Watoto wa kaka yangu wakiniona nafungua mdomo tu, wanashika simu zao. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akifumba macho akajifanya kalala. Aliyekuwa akinisikiliza mpaka mwisho, akauliza na masuali, ni baba peke yake. Na ndiye huyo niliyemchoma kwa somo langu, bila ya kujua kama namchoma.

Baba anakaa na mimi, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, tangu mama alipotutoka. Ana miaka themanini na kitu. Ukimuuliza hicho kitu ni kiasi gani, anakwambia kamuulize Mungu. Alikuwa karani wa serikali hapa Maskati miaka mingi, na mpaka leo anavaa dishidasha, ile kanzu ya Kiomani, iliyopigwa pasi na kofia hata kama anakwenda kufungua friji tu. Ni mtu mpole. Hagombani na mtu njiani, na hata mpira anautazama bila ya kushabikia upande. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba mtu huyu hakusema na ndugu yake wa tumbo moja kwa miaka sitini, utadhani unafanyiwa mzaha.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ami, kaka yake mkubwa baba, alibaki Unguja. Sisi wote tulitoka baada ya mapinduzi, yeye akabaki, na nyumbani kwetu alikuwa hatajwi. Tulilolijua sisi watoto ni hili: zama za siasa, kabla ya uhuru, ami aliingia chama cha upande wa pili, cha wasiomtaka Sultani, babu akamkataa mbele ya watu, na tangu hapo nyumba yetu na nyumba yake hazizikani. Vijana wa leo hawajui neno hilo lilikuwa zito vipi. Zama zile watu wa chama kimoja walikuwa hawanunui katika duka la wenzao, hawaendi harusini kwao, na mtu wao akifa, hawaendi kumzika. Jirani mnagawana ukuta, jeneza lake linapita mbele ya baraza yako, nawe umekaa ndani umefunga mlango. Na Waislamu hao, wote wametoka kusali msikiti mmoja!

Mwaka huu, baada ya Idi ndogo, binti wa ami aliniletea ujumbe kwenye simu. Yeye na mimi tulijuana harusini miaka michache nyuma, tukawa tunasalimiana chinichini, tunapelekeana picha za wajukuu na mapishi. Safari hii hakuleta mapishi. Aliandika: "Dada, baba hali yake si nzuri. Figo zimechoka. Kila siku ananiuliza kama mdogo wake yu hai. Anataka kumsikia sauti tu. Nakuomba kwa ajili ya Mungu, sema na baba yako."

Nikasema naye. Nilimkuta majlis, chumba chetu cha wageni, anakunywa kahawa yake ya saa nne. "Baba, kaka yako mgonjwa. Mgonjwa sana. Anataka kuzungumza na wewe." Akaweka kikombe chini. Akasema, "Sina la kumwambia." Akanyanyuka akaenda kutia udhu, na Adhuhuri ilikuwa bado zaidi ya saa nzima.

Nikarudia mara ya pili, mara ya tatu. Mimi si mtu wa subira, nakiri. Mara ya tatu nilimpandishia sauti baba yangu, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. "Chuki gani hii ya miaka sitini? Mtu anakufa, baba! Utamwambia nini Mola wako?" Akanyanyuka akaenda zake chumbani. Nikamwandikia binti ami kwamba bado nambembeleza, lakini moyoni nilikuwa nimemkasirikia hasa, mpaka nikawa nampakulia chakula bila ya kumtazama usoni. Nilimuona mzee mwenye moyo mkavu. Mungu anisamehe.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na somo la darasa la tisa: namna Utaliani ilivyoacha ufalme ikawa jamhuri. Somo hilo nalipenda. Vita vikuu vimekwisha, nchi imebomoka, mfalme mzee jina lake limechafuka kwa kukaa upande mmoja na yule dikteta wao. Akaona bora amwachie kiti mwanawe, na mwanawe akakaa mwezi mmoja tu. Kisha wananchi wakaulizwa: mnamtaka mfalme, au mnataka jamhuri? Wanawake nao wakaulizwa, ambao ilikuwa mara yao ya kwanza kupiga kura ya nchi nzima. Karatasi ilikuwa na picha mbili, ili asiyejua kusoma naye achague: kichwa cha mwanamke mwenye taji la minara, hiyo jamhuri, na ngao yenye taji juu yake, huyo mfalme. Jamhuri ikashinda, lakini si kwa mbali. Kaskazini walimkataa, kusini walimtaka. Mfalme akapanda ndege akaenda zake Ureno, na wengi waliomlilia hawakupata hata kumuaga.

Nikaona nitawapigisha kura wanafunzi wangu, wajue mtu anasikia nini anaposhika karatasi ile. Na kama kawaida yangu, mambo hayo nayajaribu kwanza nyumbani, siku ya Ijumaa baada ya chakula, ukoo ukishakusanyika. Wamenizoea. Nilishawahi kuwagawia bara zima la Afrika kwa vipande vya mkate wa kumimina.

Ijumaa hiyo tulikuwa saba: baba, shangazi, kaka yangu na mkewe, watoto wao wawili wakubwa, na mimi. Shangazi ni mdogo wao baba na ami, kitinda mimba wa babu, na anaishi kwa kaka yangu. Shangazi ana ulimi, na ana mfalme wake. Sijui kama kuna mtu Maskati hii aliyempenda Sultani wa Unguja kumshinda yeye, aliyekuwa msichana wa miaka kumi na sita siku Sultani alipoondoka na meli. Akisikia mtu anamtaja ami, hukata palepale: "Mimi nina kaka mmoja tu."

"Leo tunafanywa nini?" akauliza, huku anajipangusa mikono.

"Leo ni Wataliani," nikamwambia. "Wataliani tu. Asitie mtu ya kwetu humu."

Kaka yangu akacheka. "Basi funga na madirisha."

Nikawaeleza kisa chote, mfalme mzee, mfalme kijana, picha mbili. Watoto wakawa wanatazama simu zao. Baba akawa amenikodolea macho.

"Waliulizwa?" akasema.

"Waliulizwa, baba."

"Kwa karatasi? Kila mtu na yake?"

"Kila mtu na yake. Baadhi ya pahala palitokea fujo na watu wakafa, lakini wengi walikwenda wakapanga foleni, wakapiga kura, wakarudi kwao kupika."

Shangazi akadakia. "Tazama wenzetu! Sisi nani katuuliza? Tumelala tuna mfalme, tumeamka hatuna mfalme wala nyumba."

 Baba akaniuliza mimi, "Na yule mfalme, alirudi?"

"Hakurudi. Walitia kwenye katiba: yeye na wanawe wanaume hawakanyagi nchi tena. Siku hizi wameshaiondosha sheria hiyo, lakini mwenyewe alishakufa zamani, hukohuko ugenini."

"Kwa hivyo mtu wao akifa nyuma huko, hawezi kuja kuzika."

"Hawezi, baba."

"Hata aking'ang'ania?"

"Hata aking'ang'ania." Kisha nikamwambia, "Suali zuri hilo," kwa sauti ileile ninayomwambia mtoto wa darasa la tisa. Nikiikumbuka sauti yangu siku hiyo naona haya.

Nikawagawia karatasi zenye picha mbili, nilizozitoa kopi shuleni, na kila mtu kalamu. Sanduku lilikuwa boksi la tende nililolitoboa juu. Nikawaambia waweke alama kwenye picha wanayoitaka, wakunje, watie, na asimwoneshe mwenziwe, maana kura ni siri. Wale watoto wakamaliza kwa sekunde mbili. Baba akageuka upande, akaiwekea karatasi mkono wa kushoto kuizuia, akainama. Alichukua muda mrefu. Kaka yangu akamtania, "Baba, unaandika wasia?" Baba akakunja karatasi mara nne akaitumbukiza.

Shangazi ndiye niliyempa kuhesabu, kwa sababu ndiye mwenye sauti. Akawa anafungua anatangaza, na kila akitangaza anatia maneno yake. "Mfalme. Huyu mtu na akili zake. Mfalme tena. Jamhuri, haya, watoto wa siku hizi. Mfalme." Akafungua ya tano. Akaisogeza mbali na macho, akaanza kusoma kabla hajajua anachosoma, kama watu waliosomeshwa chuo cha Kurani wanavyosoma chochote kinachowekwa mbele yao:

"Mfalme aende zake. Lakini aachwe arudi kuzika."

Ilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika nyumba ile hakuna mwengine anayeandika hivyo. Sisi Kiarabu tunakiandika kwa Kiarabu, Kiswahili kwa herufi za kizungu, na vijana hawaandiki kabisa, wanatuma sauti. Baba peke yake ndiye anayeandika Kiswahili kama alivyofundishwa na babu, kwa khati nzuri ya kuinamia, kila nukta pahala pake. Picha hakuzijali. Siri ya kura aliisahau. Aliulizwa anataka nini kwa mfalme, naye akajibu, kama mtu anayejibu barua.

Mtoto wa kaka yangu akaanza kucheka, mama yake akamfinya.

"Hii imeharibika," shangazi akasema. Halafu akaitazama tena. "Kaka. Hii khati yako."

"Ndiyo."

"Wewe? Wewe ndiye unayesema mfalme aende?"

Ingekuwa rahisi kwake kusema kwamba ni mchezo wa mwalimu, ni Wataliani, tulete halwa. Sote tungefurahi. Badala yake alivua kofia akaiweka gotini. Baba havui kofia mbele ya watu.

"Na ile nyengine pia," akasema, "nlipiga upande huo."

"Ipi?" shangazi akauliza, na nafikiri alishajua ni ipi.

"Ile ya mwisho kabla ya uhuru. Hatukuulizwa mfalme siku ile, tuliulizwa chama. Mimi na kaka tulitia alama pahala pamoja. Nlimwamini. Alikuwa akinichukua mashambani kwa baiskeli, nikaona watu wanavyokaa, nikamwamini. Usiku ule habari zikamfikia baba kuhusu kaka. Kuhusu mimi hazikufika. Asubuhi baba akasema mbele yetu sote, yule si mwanangu, asisalimiwe, asilishwe, asizikiwe. Nami nlikuwa nimekaa palepale. Nikanyamaza."

 Shangazi alikuwa bado amekamata karatasi.

"Miezi miwili baadaye," baba akasema, "kaka akafiliwa na mwanawe. Mtoto wa kike, alikuwa hajaanza kutembea vizuri. Homa. Mtu akaja kugonga kutupa habari. Baba akasema, atakayetoka mlango huu asirudi. Kutoka kwetu mpaka kwa kaka ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Nlivaa kanzu. Nlikaa kwenye ngazi na kanzu yangu mpaka ikaadhiniwa Magharibi, nikaivua."

Akamtazama dada yake. "Na mapinduzi yalipokuja, unakumbuka nani alilala mlangoni kwetu siku tatu, asituguse mtu? Wewe hutaki kumtaja, lakini unakumbuka."

 Shangazi alizikunja upya zile kura tano, moja moja, akazirudisha kwenye boksi pamoja na mbili ambazo hazijafunguliwa. Akamwambia kaka yangu amrudishe nyumbani. Halwa haikuliwa.

Mimi nilibaki pale na sinia chafu, najiona mjinga. Nilisoma chuo kikuu, nimefundisha miaka thelathini, naweza kukueleza kwa nini kila mfalme wa Ulaya alianguka, na nilikaa nyumba moja na baba yangu nisijue tofauti ya chuki na aibu. Alikuwa hamchukii kaka yake hata chembe. Alikuwa hana uso wa kumtazamia. Nilikwenda nikampigia magoti nikamwomba msamaha kwa ile sauti niliyompandishia, naye akanigusa kichwa akasema, "Mpigie huyo binti. Kesho asubuhi, kabla sijaingia khofu."

Jumamosi saa tatu baba alikuwa ameshakaa majlis, kanyoa, kajitia manukato, kama anayekwenda kuposa. Nikapiga, binti ami akapokea, akaipeleka simu kitandani kwa mgonjwa. Nikaiweka spika kwa sababu baba sikio moja halisikii. Sikuondoka. Ningepaswa kuondoka, lakini sikuondoka.

"Assalamu alaykum, kaka."

"Waalaykumu salaam. Nani mwenzangu?"

"Mimi."

Ikaja pumzi ya mtu mgonjwa. Kisha ami akasema, "Umekuwa na sauti ya baba."

Baba alikuwa ameyapanga maneno yake, nilimsikia alfajiri anayarudiarudia chumbani. Yote yakamtoka. Akasema tu, kwa haraka, kama mtoto anayekiri amevunja kitu: "Kaka, siku ile ya kura, mimi na wewe tulitia pamoja."

"Najua."

"Unajua?"

"Nlikuwa nyuma yako kwenye foleni, watu watatu nyuma. Ulipotoka ulikuwa unatetemeka. Mtu aliyetia upande wa baba yake atatetemekea nini?"

"Na hukunisema."

"Nikuseme kwa nani? Aliyefukuzwa mmoja alitosha."

Baba akashika meza. "Kaka, siku ya mtoto..."  Midomo ilikuwa inakwenda bila ya sauti. Nikanyoosha mkono nimsaidie kuishika simu, akanizuia.

"Siku ya mtoto nlikungoja," ami akasema. Hakuisema kwa ukali. Aliisema taratibu, anapumzika kati ya maneno. "Alikufa asubuhi. Watu wakanambia tumzike Adhuhuri, mtoto mdogo hakawizwi. Nikawaambia ngojeni, mdogo wangu anakuja. Wakasema hatokuja huyo. Nikasema anakuja, nyinyi hammjui. Tukamweka mpaka Alasiri. Kila mlango ukilia, nageuza shingo."

Baba yangu akalia. Mimi sijawahi kumuona akilia, hata siku ya mama. Alilia kwa sauti, mkono umeziba macho, na kule upande wa pili nikamsikia binti ami naye analia.

"Nisamehe, kaka."

"Nshakusamehe zamani. Nlikusamehe siku mlipopanda meli. Kama ni radhi unayo, nenda nayo kaburini. Lakini nlikungoja, ndugu yangu. Nimeona nikwambie, nisife nalo."

"Nakuja," baba akasema. "Nakuja huko, kaka, nakuja kukuona."

"Njoo. Lakini safari hii sina nguvu ya kungoja."

Basi, binti ami akaichukua simu, akasema mgonjwa kachoka.

Pasipoti ya baba ilikuwa imekwisha muda wake tangu miaka saba nyuma. Mtu asiyetaka kwenda popote haangalii tarehe. Jumapili nikaomba ruhusa ya vipindi vya asubuhi, nikampeleka ofisi ya pasipoti, na yule kijana wa dirishani, Mungu amjaalie, alipoona mzee amesimama na fimbo na macho mekundu alimaliza kila kitu kabla ya Adhuhuri. Ndege ya karibu iliyokuwa na nafasi ya watu wawili ilikuwa ya Jumanne. Nilikwenda ofisi ya tiketi Ruwi mwenyewe, nikagombana nao kama kwamba wao ndio waliojaza ile ndege. Hakukuwa na nafasi ya Jumatatu. Baba akaanza kufungasha: kanzu mbili, halwa ya kopo kwa watoto wa kaka yake, na kitambaa cha sufu kwa sababu mtu wa figo husikia baridi.

Mchana huo nikarudi shuleni nikasomesha. Wanafunzi walipiga kura zao, wakapiga makofi, jamhuri ikashinda kwa mbali zaidi kuliko ilivyoshinda kwa wenyewe. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Mwalimu, wale waliomtaka mfalme na wale wasiomtaka, baadaye walikaaje nyumba moja?" Kitabu hakina jibu hilo. Nikamwambia tutalizungumza kipindi kijacho, na bado sijalizungumza.

Jumatatu jua lilikuwa limeshachomoza simu ilipolia. Niliona ni binti ami nikajua kabla hajasema. "Inna lillahi," akasema. "Baada ya Alfajiri. Alitia shahada mwenyewe." Akalia kidogo, akajizuia. "Dada, lipo jambo. Watu wanataka kumzika Adhuhuri. Kaka zangu wanasema, kama baba yako anataka tumngoje mpaka kesho ndege itue, tutamngoja. Hospitali wana chumba cha baridi. Muulize. Atakalosema yeye ndilo."

Baba alikuwa kwenye msala wake wa kusalia, hajaondoka tangu Alfajiri. Nilimwambia yote mawili kwa mpigo mmoja, kifo na suali, kwa sababu sikujua namna nyengine. Akasema maneno ya subira. Akauliza, "Kaka mwenyewe aliacha neno kuhusu mimi?"

"Hakuacha, baba."

 Na mimi, mimi na haraka zangu, nikaanza kumsukuma. "Baba, waambie wangoje. Ni siku moja tu. Watu siku hizi wanangojana, mtoto yuko Ulaya, mtoto yuko Marekani, maiti inangoja siku tatu. Utafika, utamwona uso, utamtia kaburini kwa mikono yako. Haki yako hiyo." Nilimtakia hivyo hasa. Nilimtakia kuliko nilivyowahi kumtakia mtu kitu.

"Alishaningoja mara moja," baba akasema. "Basi. Waambie wamzike."

Unguja wako nyuma yetu kwa saa moja. Adhuhuri yao ilipofika, baba alikuwa ameshavaa kanzu, si dishidasha, ile kanzu aliyoipiga pasi kwa safari. Akatoka uani. Jua la Maskati mwezi ule halina huruma, nikamletea kiti, akakikataa. Shangazi alikuwa ameletwa na kaka yangu bila ya kusema na mtu tangu Ijumaa. Alikaa ndani karibu na dirisha, ushungi umemfunika mpaka puani, mabega yanacheza. Mtoto mmoja wa kiume wa ami alitupigia kutoka kule, akaitia simu mfukoni mwa kanzu bila ya kuikata, kwa hiyo tulisikia. Tulisikia miguu ya watu wengi. Tulisikia tahlili, wanapokezana jeneza. Baba alisimama wima muda wote, na walipokuwa wanatembea kule, yeye naye hapa akawa anatembea hatua ndogo ndogo, ukutani mpaka getini, getini mpaka ukutani.

Halafu miguu ikasita. Tukasikia majembe, na mtu anawaelekeza wenziwe ndani ya kaburi, taratibu, mlaze ubavu wa kulia, vuteni sanda. Kisha sauti ile ikasema, haya, tieni udongo, kila mtu mara tatu.

Baba akachutama kwenye kitalu cha maua, pale ninapootesha mrehani. Alichutama kwa tabu, mkono mmoja ukutani. Akachota udongo kwa kiganja cha kulia, akanyanyuka nao, akaunyoosha mkono mbele kama wanavyofanya watu kando ya kaburi. Mbele yake palikuwa na sakafu ya vigae na gari yangu. Mkono ukabaki palepale hewani, udongo unamvuja kati ya vidole. Simuni tulikuwa tunasikia wenziwe wanatia wao.

"Niutie wapi, mwanangu?" akaniuliza.

Nikakinga viganja vyangu viwili mbele yake, akautia humo, mara tatu.